Kodi Nyumba Yenye Breki, Uone Mambo

Kila Juni ikiingia, Waswahili wa Uingereza hupandwa na wazo lile lile: mwaka huu hoteli hatutaki, tunakodi gari-nyumba, tunavuka bahari, tunaizunguka Ufaransa mpaka pesa ziishe. Kwenye picha za tangazo kuna kimeza, vikombe vya chai, na ziwa linametameta kwa nyuma. Aliyebeba kaseti ya choo, kile kisanduku cha kinyesi, hayumo pichani. Huyo ni wewe, baba watoto.

Maana hoteli ina watu wake. Maji yakikatika unapiga simu mapokezi, unafoka, roho inatulia. Kwenye gari-nyumba idara ya maji ni wewe, shirika la umeme ni wewe, gari la kunyonya majitaka ni wewe, na mteja mwenye malalamiko ni mama watoto. Na unalipia! Tena Julai na Agosti, shule zimefungwa, bei imepaa na amana ya uharibifu juu yake.

Kwanza kufika kwenyewe. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata awe amezeekea Leicester, anatakiwa visa ya Schengen: yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 12. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na wewe usijifanye mzee wa dakika za mwisho, maana nafasi za miadi za kiangazi hukauka mapema. Watoto wenye pasipoti ya Uingereza wanapita bila visa. Kichwa cha familia ndiye anayepangiwa foleni ya alama za vidole.

Halafu uzito. Aliyefaulu mtihani wa udereva Uingereza kuanzia 1997, leseni yake ya gari dogo inaishia kilo 3,500, na hizo ni pamoja na mizigo na watu. Gari la familia likiwa tupu linakaribia kilo 3,000, dereva wa kilo 75 akiwa ameshahesabiwa. Zimebaki 500, unajiona tajiri. Toa mama watoto na watoto watatu, kilo 180. Toa maji, lita 100 ni kilo 100. Baiskeli nne, 60. Hema la pembeni, 30. Umebaki na 130, na hapo ndipo shemeji anapopiga simu: "Nina begi dogo tu." Begi dogo, lakini shemeji mwenyewe ana kilo 90! Kabla hujamkubalia, hesabu mikanda ya viti, usihesabu vitanda. Magari mengi yana vitanda sita na mikanda minne, na polisi hajali umelala wapi, anajali umefungwa na nini.

Dawa ya uzito ni kusafiri na maji kidogo, lita 20 za kunawa na za choo, ukajaze ukifika. Baiskeli nazo usizitundike zote nyuma kwa fujo. Mzigo wa mkiani unaikandamiza ekseli ya nyuma na kuinyanyua ya mbele, na kwa kuwa mengi ya magari haya huvutwa na magurudumu ya mbele, unabaki na usukani mwepesi na matairi yanayozunguka bure kwenye majani mabichi. Kwa sababu hiyo hiyo, kambini ingia kinyumenyume, magurudumu ya mbele yabaki upande wa njia. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha, aliyeingia kifua mbele atavutwa na trekta, watu wakimpiga picha.

Chakula cha njiani kina vituko vyake. Tangu 2021 huruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka Uingereza na nyama wala maziwa. Zile sambusa za nyama alizoamkia bibi saa kumi alfajiri, haramu. Chai ya maziwa kwenye chupa, haramu. Samaki wanaruhusiwa, hata wakavu, hadi kilo 20 kwa mtu. Yaani serikali zimekaa, zimefikiri, zikaamua kwamba ndani ya kijumba cha mita saba, madirisha yamefungwa, joto la Agosti, kitu salama cha kubeba ni dagaa.

Ukishuka bandari ya Calais unaendesha kulia, usukani nao uko kulia, kwa hiyo unaona vizuri sana nyasi za kando ya barabara na huoni lori linalokuja. Kuipita trekta ni mpaka mama watoto achungulie: "Nenda... usiende!" Kwenye barabara kuu mwendo ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110. Kwa gari hili usihangaike, upepo wenyewe utakushauri. Nje ya miji, barabara za kawaida ni 80, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90. Kibao ndicho cha kuamini.

Ushuru wa barabara sasa! Ufaransa wanakutoza kwa kimo. Gari lisilozidi kilo 3,500, likiwa na kimo kati ya mita 2 na 3, ni daraja la pili. Likigusa mita 3 ni daraja la tatu, na bei inapanda. Lile nundu la kulala watoto juu ya dereva, au kiyoyozi cha paani, ndicho kinachokuvusha mstari. Muulize mwenye gari kimo kwa mita, siyo kwa futi, ukiandike kwenye karatasi uibandike mbele ya dereva. Mashine ya kulipia iko kushoto, wewe uko kulia, kwa hiyo mhasibu wa safari ni mama watoto. Dirisha liko juu, mashine iko chini, unaogopa kusogea kioo kisikwanguke, basi anatoka nusu ya mwili na kadi mkononi huku nyuma wanapiga honi. Na barabara ya A13 ya kwenda Normandy hata kibanda haina. Kamera inapiga picha namba ya gari, nawe una saa 72 za kulipa kwenye mtandao. Usipolipa, faini inakufuata hadi Leicester.

Kile kikaratasi cha kimo kina kazi nyingine pia. Maegesho mengi ya ufukweni, na ya maduka makubwa, yamewekewa chuma cha kuzuia juu, mita 1.9 au 2. Wamekiweka kwa ajili yako wewe. Na ukigeuza, kumbuka nyuma ya ekseli ya mwisho kuna kitako cha karibu mita mbili: ukikata kulia, kitako kinachomoza kushoto, kinasalimia ukuta wa watu. Wanaogonga magari haya hugonga nyuma na juu, na paa, bahati mbaya, mikataba mingi ya kukodi huliacha nje ya bima. Lisome hilo kabla ya kutia saini. Ukinyonga usukani kwenye kijiji cha mawe utakuwa umechelewa.

Kituo cha mafuta ni mtihani wa lugha. Pampu iliyoandikwa "Gazole" ni dizeli. Masikio yanakuambia petroli, usiyasikilize. Siku hizi kuna lebo: dizeli imo kwenye mraba, B7, petroli imo kwenye duara. Angalia pia unamimina wapi. Gari lina mdomo wa dizeli, mara nyingi wa AdBlue, dawa ya kusafishia moshi wa dizeli, wenye kifuniko cha buluu, na wa maji safi, na watu wazima wenye akili zao hutia dizeli kwenye maji ya kunywa. Tangi la hivyo halisafishiki kirahisi, harufu haitoki. Na kabla ya kuingia kituoni zima friji ya gesi, maana ndani yake mna mwali unaowaka.

Basi umefika kambini. Saa sita hadi saa nane mchana mapokezi wamekwenda kula, na Mfaransa hali kwa kusimama. Unasubiri. Ukishaingia, chomeka waya wa umeme, na hapa ndipo unapoanza kujikatia umeme mwenyewe. Kambi nyingi hutoa ampea 6, nyingine 10. Ampea 6 mara volti 230 ni wati 1,380 basi. Birika lako la Uingereza linataka 3,000. Ukilibonyeza tu, giza, na majirani wanakutazama. Hata bila birika: boila ya maji moto ikiwa kwenye umeme inaweza kula 850, friji kama 150, zimebaki za kuchaji simu. Pasi na kikausha nywele, sahau. Chai chemshia gesi, au nunua kibirika cha wati zisizozidi 1,000 na ukitumie boila ikiwa imezimwa. Swichi ikijikata, kisanduku chake mara nyingi kimefungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo, ndiyo, amekwenda kula. Waya wa kwenye gurudumu ukunjue wote, hata kama unahitaji mita tano tu. Ukibaki umezongwa na ukabeba umeme mwingi, joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka.

Pasipo umeme una betri ya ndani, tuseme ya risasi, ya ampea-saa (Ah) 100. Nusu yake ndiyo ya kutumia, ukizidisha unaiua. Taa na pampu ya maji zinatosha kabisa. Atakayechomeka inveta ya kitu cha wati 1,000 anavuta ampea zaidi ya 80, na dakika 40 haziishi mko gizani.

Friji nayo ina nafsi. Ile ya gesi haina kompresa, inapoza kwa joto, kwa hiyo inataka gari lilale sawasawa. Likiinama sana, upoaji unakufa kimyakimya mpaka kesho maziwa yawe mtindi. Weka kabari za plastiki chini ya magurudumu kabla hujatoa hata kiti kimoja. Iwashe siku moja kabla ya safari. Ikiwa kwenye volti 12 ni ya wakati injini inaunguruma tu, ukisahau inakula betri.

Gesi: mtungi wa Uingereza haubadilishwi Ufaransa, koki ni tofauti. Dai miwili iliyojaa, au gari linalopokea ile mitungi midogo ya buluu ya Campingaz, ya kilo 2.75, inayopatikana nchi nyingi za Ulaya. Jiko dogo la kilowati 1.5 linakula takriban gramu 110 kwa saa, kwa hiyo maharage ya saa mbili ni gramu 220 zimekwenda, mtungi mzima ni saa 25. Loweka usiku au nunua ya kopo. Ugali unapikika, ila msongaji akikaza mkono nyumba nzima inayumba na watoto wanaulizana kama tunaondoka. Nyama choma usiahidi wageni: kusini, kiangazi kikiwa kikavu, makaa hupigwa marufuku kwa hofu ya moto wa misitu.

Sasa choo. Kaseti inabeba lita 18 hivi, na aliyeibuni alimfikiria mtu wa karatasi. Sisi ni watu wa kopo. Nusu lita kwa watu watano, mara nne kwa siku, ni lita 10 za kopo peke yake. Kesho mchana taa nyekundu imewaka. Tumieni vyoo vya kambi mchana, cha ndani kiwe cha usiku, na karatasi mje nayo, baadhi ya kambi hawaweki. Siku ya kumwaga, funga kwanza kile kifuniko cha kuteleza kilicho ndani. Kikiwa wazi kaseti haitoki, na anayeivuta kwa hasira anavunja kitu cha bei. Itoe kwa mlango wa nje, ipeleke kwenye shimo lake, zungusha mdomo, fungua, inamisha, kisha bonyeza kidude cha hewa kwa dole gumba muda wote unapomimina. Asiyebonyeza anasikia bwu, bwu, na bwu la tatu liko kwenye viatu. Suuza mara mbili, tia dawa kwa kipimo cha chupa na maji lita mbili. Usitie Jiki, inakula mpira wa kuzibia kaseti. Mpira mkavu usiupake mafuta ya kupikia, unaharibika, una silikoni yake ya kulainishia.

Bomba la kusuuzia kaseti siyo la kujazia maji ya kunywa, hata kama yako hatua mbili. Tafuta lililoandikwa "eau potable", yaani maji ya kunywa, uje na mpira wako mwenyewe wa maji, na viunganishi vya nusu inchi na robo tatu, maana kila kambi ina bomba la saizi yake. Fungua maji kidogo kabla ya kuunganisha. Kuna watu huingiza mdomo wa kaseti mpaka ndani ya bomba safi, umewaona, wanapiga na mluzi.

Kuoga: boila lita 10, inachukua kama nusu saa kupata moto. Anayeosha nywele anamaliza zamu ya wawili. Ndoo na kopo vinashinda bafu hilo. Bwawani wavulana wavae chupi za kuogelea za kubana, bukta pana wanazikataa, usibishane na mlinzi.

Kurudi, epuka Jumamosi za mwanzo wa Agosti ambazo Bison Futé, huduma ya serikali ya Ufaransa ya taarifa za barabara, huzipaka rangi nyeusi, yaani foleni za kutisha. Gari linatakiwa saa nne asubuhi, dizeli imejaa, majitaka yamemwagwa, kaseti safi, makombo ya chapati yamefagiliwa kwenye reli za viti. Kwa hiyo usiku wa mwisho wa likizo uko na tochi mdomoni chini ya kiti cha mbele, mama watoto anauliza mwakani tunakwenda Uhispania au Ureno.