Ripo ya bure inatosha, hadi tawi kuu lihitaji mlinzi

Bado wapo wanaolipia ripo (hifadhi ya msimbo wa programu inayofuatiliwa na Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko) kwa sababu moja tu: hawataki msimbo wao uonekane. Sababu hiyo imepitwa na wakati. GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, ilianza kutoa ripo binafsi bure Januari 2019, kwa washiriki watatu, na Aprili 2020 ikaondoa hata ukomo huo. Washindani wake, GitLab na Bitbucket, nao hutoa bure, ila kikundi binafsi kikizidi watu watano inabidi mlipie.

Pesa naiona inastahili kutoka pale kwenye ulinzi wa tawi kuu (`main`), yaani toleo la msimbo ambalo timu nzima inalitegemea. GitHub ya bure inakuruhusu kulilinda tawi la ripo ya wazi. La ripo binafsi, hapana. Kwa hiyo yeyote mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kupiga `git push --force origin main`, amri ya kulazimisha seva ipokee nakala yake, akiwa na nakala iliyopitwa na wakati, akafunika kazi ya wiki nzima, na seva ikapokea bila kunung'unika. Kitakachowaokoa ni `git reflog`, kumbukumbu ya hatua za Git, kwenye kompyuta ya mwenzenu aliyekuwa na komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za mwisho. Hook ya `pre-push`, hati inayojiendesha kabla ya kutuma msimbo, husaidia kidogo, lakini inakaa kwenye kompyuta ya kila mtu na `--no-verify` inairuka. Mkiwa wawili mnaoelewana, tunzeni pesa zenu. Mkifika sita, na mmoja bado anajifunza Git, lipeni.

Dakika za seva zinazotumika kwa majaribio ya kiotomatiki ya msimbo zinataka hesabu kabla ya kulipa. Jaribio la dakika 8 likiendeshwa mara 15 kwa siku hula dakika 120. Dakika 2,000 za bure za GitHub kwa mwezi zitaisha siku ya 17. Zile 400 za GitLab, siku ya nne. Mara nyingi dawa ni kuacha kuendesha majaribio yote kila mtu anaposahihisha herufi kwenye README, faili ya maelezo ya mradi. Kwenye GitLab unaweza pia kuunganisha runner yako mwenyewe, yaani kompyuta yako ya kuendeshea majaribio. Dakika zake hazihesabiwi.

Na usilipe ukidhani faili kubwa zitapita. GitHub hukataa faili ya kawaida inayozidi MB 100 hata kwa anayelipa. Kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, kwa kuwa bado imo kwenye historia. Itoe kwa `git filter-repo`, kisha uihamishie kwenye LFS, hifadhi ya pembeni ya faili kubwa.

Nakala rudufu ni juu yako, ulipe usilipe. Google Code, huduma ya Google ya kuhifadhi ripo, ilifungwa Januari 2016, na waliokuwa na nakala zao walihama bila presha. Anza na `git clone --mirror`, inayotengeneza nakala kamili (kioo) ya ripo, kisha panga `git remote update` kila usiku iisasishe. Kumbuka kioo hicho kitanakili hata uharibifu wa `--force`, kwa hiyo kila wiki toa faili yenye tarehe kwa `git bundle create`, ukiongeza `--all`. Tiketi na maoni ya wakaguzi hayamo ndani ya Git; hayo yatoe kupitia API, njia ya programu kuchota data kwenye huduma hiyo.