Mti Unaokataa Mvua

Nchini Sudan, kwenye kingo za Mto Nile, huota mti uitwao haraz, wa jamii ya migunga, wenye tabia ya ajabu: mvua zinapoanza na mimea mingine kuchipua, wenyewe hupukutisha majani ukabaki mkavu kama kuni, na kiangazi kinapokausha kila kitu ndipo unapovaa kijani. Ibrahim El-Salahi, mchoraji aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, ameuchora mti huo kwa miaka mingi, ingawa anayeutafuta katika baadhi ya picha hizo huenda asiuone, kwani kilichobaki ni mistari iliyosimama wima na mapande ya rangi yaliyopangwa kwa kipimo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mti huo ni ishara ya ukaidi na ustahimilivu wa Wasudani. Sikatai, lakini nadhani maelezo hayo huishia pale ambapo picha ndiyo kwanza inaanza. Kinachonishughulisha ni namna inavyotengenezwa, maana hapo ndipo ninapoiona imani ya mchoraji.

El-Salahi ni mtoto wa mwalimu wa Qurani, na alizizoea herufi za Kiarabu tangu utotoni. Aliporejea mwaka 1957 baada ya masomo ya sanaa katika chuo cha Slade, London, alifanya maonyesho Khartoum, na watu hawakuzijali kazi zake. Angeweza kuwalaumu kwa kutoelewa sanaa, kama wasanii wengi wanavyofanya. Yeye alijiuliza kosa lake ni lipi, akazunguka nchini kutazama watu wake wanapamba nini na wanaandika nini. Kisha akaanza kuzivunja herufi, akazifungua matumbo, na ndani yake zikatoka sura za watu, wanyama na mimea.

Mwaka 1975, akiwa mtumishi wa serikali, alikamatwa na kufungwa kwa zaidi ya miezi sita katika gereza la Kober bila kufunguliwa mashtaka. Kuchora kulikuwa marufuku, hivyo alichora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani. Ninaamini mengi yaliyofuata yalizaliwa pale. Baada ya kutoka alianza kujenga picha kubwa kutokana na kiini kidogo, akiongeza kipande baada ya kipande, bila kuchora kwanza ramani ya picha nzima; kazi yake ya miaka ya 1984 na 1985, iitwayo kwa Kiingereza "The Inevitable", ina vipande tisa vilivyounganishwa. Mtu anayeanza kazi kwa sala, kisha akaiacha ikue kuelekea asikokujua, anafanya kwa mkono kile ambacho waumini hukiita kutawakali, yaani kumwachia Mungu mwisho wa jambo.

Kwa hiyo huwa nakereka ninaposoma uchambuzi unaoitaja dini yake katika aya ya wasifu tu, halafu ukaijadili picha kana kwamba ilichorwa na mtu mwingine. Vilevile sikubaliani na watazamaji wacha Mungu wanaokodoa macho wakitafuta jina la Mwenyezi Mungu limefichwa wapi kati ya mistari, kama kwamba picha isiyosomeka haiwezi kuwa dhikri, yaani namna ya kumkumbuka Mungu. Ile mistari ya wima, inayorudiwa kwa subira bila hata mmoja kufanana kabisa na mwenzake, inanitosha.

Katika uzee wake, maumivu ya mgongo yakiwa yamemzuia kufanya kazi kubwa kama zamani, El-Salahi alianza kuchora kwa wino nyuma ya pakiti za dawa zake. Ni vipande vidogo tena, kama vile vya gerezani, ila safari hii hakuwa na haja ya kuvifukia mchangani.