Ukizikata nyimbo, hadithi nayo imekwisha

Wapo wanaosema nyimbo katika filamu za India zinarefusha hadithi bure, na zikianza tu wao huzirusha mbele. Kwa Thillana Mohanambal, filamu ya Kitamil ya mwaka 1968 iliyoongozwa na A. P. Nagarajan, nawapinga kabisa. Humu watu wawili wanaopendana husemezana kwa muziki, na maneno makavu mara nyingi huishia kuwagombanisha.

Shanmugasundaram, anayeigizwa na Sivaji Ganesan, ni mpiga nadaswaram, ala ndefu ya kupuliza ya jamii ya zumari, inayosikika kwenye mahekalu na harusi za Kusini mwa India. Ana kiburi cha fundi anayejijua. Fataki zikilipuka akiwa katikati ya kupiga, anaacha papo hapo kwa hasira. Mohana, anayeigizwa na Padmini, ni mcheza Bharatanatyam, dansi ya jadi ya Kusini mwa India, mwenye kiburi kama hichohicho. Mama yake anamtakia bwana tajiri, si mpiga ala. Basi wapenzi hawa wanakutana kwa kushindana: apulize, acheze, tuone nani atachoka.

Shanmugasundaram, au Shanmugam kwa kifupi, anachomwa kisu chenye sumu. Baada ya hapo ndipo unakuja Nalanthana, na mimi sijaona wimbo wa mapenzi katika sinema unaoufikia huu. Mohana yuko jukwaani, ukumbi umejaa, hawezi kumkimbilia wala kumshika. Anachoweza ni kucheza, na ndani ya dansi anamuuliza kama yu mzima wa mwili na wa moyo. Kila mtu anasikia swali, ila anayeulizwa ni mmoja. Naye anajibu kwa nadaswaram, machozi yakimlengalenga. Maneno ni ya Kannadasan, sauti ni ya P. Susheela, ambaye haharakishi hata neno moja. Mtunzi wa muziki, K. V. Mahadevan, ameacha nafasi kati ya mistari ili ala nayo iseme. Ondoa wimbo huo na hutajua kamwe kama wamepatana.

Sehemu za njama za Vaithi, dalali wa kuwapelekea matajiri wanawake, zinavutwa kupita kiasi kwa ladha yangu, ingawa Nagesh anamwigiza vizuri mno.

Sivaji anasifiwa sana kwa mashavu yanayofura, mishipa ya shingo na vidole vinavyotembea kwenye matundu utadhani amezaliwa na ala mkononi. Anastahili. Lakini pumzi tunayoisikia si yake. Ni ya ndugu wawili wa Madurai, M. P. N. Sethuraman na M. P. N. Ponnusamy, na ni wao waliomfanya Shanmugam awe fundi kweli masikioni mwetu. Kila anayeandika kuhusu filamu hii awataje hao ndugu katika sentensi ileile anayomtaja Sivaji.