Nzi wa maji ya kasi hahitaji manyoya mengi

Nikifungua visanduku vya wavuvi wenzangu kando ya mto Gura, nakuta nzi bandia, yaani chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano kumwiga mdudu, walionona kama vifaranga. Kichwa kinene, bawa limefumka kotekote. Wenyewe wanaamini wingi huo ndio utakaomwelesha nzi kwenye maji yanayoporomoka kutoka milima ya Aberdare. Mimi nakataa. Nzi wa namna hiyo ukimtupa mara tatu nne analala ubavu, kisha anazama.

Ninayemsema ni kadisi wa manyoya ya elki, nzi bandia anayemwiga kadisi, mdudu mwenye mabawa anayekulia majini; alibuniwa na Al Troth huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1957. Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na ndani ya unywele wake mna vyumba vidogo vya hewa. Hewa hiyo ndiyo inayomwelesha nzi. Lakini chini ya nywele ndefu kuna sufu laini kama pamba, na sufu hunywa maji. Kwa hiyo kabla ya kufunga bawa natwaa kishungi chembamba kama njiti ya kiberiti, nakishika kwenye ncha na kukichana kwa mswaki mkuukuu mpaka sufu yote itoke. Ni kazi ya nusu dakika, na wengi wanairuka!

Mwili nausokota kwa manyoya ya sungura, kidogo tu. Unyoya wa shingo ya jogoo naupima kwa mdomo: ukinichoma midomoni unafaa, ukilegea kama wa tetea naurudisha. Naufunga karibu na tundu la ndoano, nauzungusha kurudi nyuma hadi kwenye mkunjo, kisha waya mwembamba wa rangi ya dhahabu unapita juu yake kuja mbele, ukiulinda na meno ya samaki.

Sasa bawa, na hapa ndipo mkono unapopimwa. Mizunguko miwili ya kwanza ya uzi iwe milegevu, ikumbatie kishungi tu. Ukikaza mapema, nywele zinauzunguka mwili na bawa linaishia tumboni. Wa tatu ndio unaouvuta polepole kuelekea chini, na mashina ya nywele yatafumka mbele ya macho yako. Yakate mshazari, uache kidogo yawe kichwa. Ncha zipite mkunjo wa ndoano kidogo sana.

Trauti, samaki tunaowavua kwa nzi hawa, wamo Gura tangu mlowezi Ewart Grogan alipowaingiza mwaka 1905. Kwenye maji ya kasi trauti hana muda wa kuchunguza; anaona kivuli cha kadisi aliyekunja mabawa kama paa la nyumba, anaamua. Nzi mnene hana umbo hilo.

Kenya imewauza nzi waliofungwa kwa mikono Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na vidole vya mafundi wetu nawavulia kofia. Ninawaomba wanunuzi waache kupima thamani ya nzi kwa unene wake, maana fundi hufunga kinachonunuliwa.

Kwangu, kila nzi anayetoka kwenye jiliwa, kibano kinachoshika ndoano wakati wa kufunga, anaingia kwanza kwenye glasi ya maji. Namsukuma kwa kidole mpaka chini. Akiibuka na kukaa wima, nampanguza, anaingia kisandukuni. Asipoibuka, wembe unafuata, na ndoano inarudi kwenye jiliwa ikiwa tupu.