Mpwa Wangu na Chama cha Jibini

Mke wangu kanipa mpaka Ijumaa: ama friji itoke, ama nitoke mimi. Asubuhi nimeifungua nitoe maji ya kunywa, nakuta changu wetu wa Darajani, samaki wazima na heshima zao, wananuka jibini. Maji yananuka jibini. Barafu, jamani, barafu!

Haya kayaleta mpwa wangu wa Uingereza. Huko kaingia chama cha jibini. Kingekuwa cha siasa ningeelewa. Kila mwezi analipa, analetewa mlangoni sanduku la jibini za aina aina na vikaratasi vya kumwelekeza namna ya kuonja. La mwezi huu kaona aje nalo likizo, na mpango wake ndio huu: kila jengo la historia hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, lionjewe jibini lake. Mimi, mjomba mtu, nifuatane naye na kisu.

Ngome Kongwe, jibini gumu. Huku anatafuna ananihadithia Waomani walivyoijenga baada ya kumfukuza Mreno, mimi niliyezaliwa Vuga! Beit el-Ajaib tuliishia nje, maana upande mmoja uliporomoka Desemba 25, 2020. Hapo akala laini, kwa masikitiko. Akanikumbusha na vita vya Mwingereza na Zanzibar vya Agosti 27, 1896, vilivyokwisha kwa dakika 38 hivi. Nikamwambia, mwanangu, gari ya Fuoni naingoja zaidi ya hizo na hakuna aliyenitia kitabuni. Mahali pengine, nisipopataja, akatozwa bei ya mgeni. Mtoto kazaliwa Mnazi Mmoja!

Msiba wenyewe ulikuwa barazani, baada ya Alasiri. Wazee wametulia na kahawa yao, dhumna inalia. Mpwa wangu akatandaza kitambaa, akatoa la kwanza.

"Hili Roquefort. La maziwa ya kondoo. Wafaransa wanalilaza mapangoni mpaka liingie ukungu."

Muuza kahawa akasita na dele lake. "Ukungu huo mmeulipia?"

"Ndio hasa unaolipiwa, ami."

Mzee mmoja, mwalimu wa skuli mstaafu, akavaa miwani akaifuata ile michirizi ya buluu kwa kidole. "Mkate wa boflo ukifika hapa," akasema, "kwangu wanapewa kuku." Lakini mgeni ni mgeni, akamega, akatafuna kwa adabu huku macho yanamlengalenga. "Lina chumvi," akasema. Sifa nyengine hakuiona.

La pili ni Époisses, limo ndani ya kiduara cha mbao. Harufu ilitangulia kutoka, kifuniko kikafuata. Aliyekuwa anashinda dhumna akanyanyua mguu, akakagua kandambili. Wenye moyo wakachoma vijiti wakachukua vipande. Na mpwa wangu, maskini hana baya, akaanza kusoma kikaratasi kwa sauti: likiwa linakomaa huoshwa kwa marc de Bourgogne.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Pombe, ami. Ya makapi ya zabibu."

Vijiti vikasimama hewani. Mwalimu akauliza taratibu, "Na lile nililokula mimi?"

"Lile halina pombe. Linagandishwa tu kwa dawa ya tumboni mwa mnyama anayenyonya."

"Kachinjwa na nani?"

Likawa baraza la wawakilishi. Huyu anasema chakula cha Ahlul-Kitabu kinaliwa, yule anasema aulizwe sheikh, wa tatu anataka kujua kama tumbo linahesabiwa nyama. Mwalimu keshashika njia ya msikitini, anasukutua huku anakwenda. Na wote macho kwangu, utasema ng'ombe nimemkamua mimi! Mimi nimekwenda kunywa kahawa! Kahawa tu! Sasa nikipita Mkunazini vitoto vinaniamkia, "Shikamoo babu jibini," na vyengine vinaziba pua.

Jibini zilipokwisha tukenda Hamamni, bafu la mji la zama za Sultani Barghash, watu wakija kuoga na kunyolewa. Mabirika makavu.

"Mjomba, hakuna hata tone!"

Nikamwambia karibu nyumbani. Jirani yangu kafunga pampu, alfajiri inavuta mtaa mzima, ukifungua mfereji kwangu unakoroma tu. Nimemfuata kwa upole, nimemfuata na sheha. Jawabu lake moja: nami ninunue yangu. Basi tufunge wote, tugombanie upepo!