Kazi Ikishapokelewa, Dhamana Iwe ya Mpokeaji

Msimu mmoja wa masika, nikiwa nimerudi Mombasa kukamilisha uchambuzi wa data niliouanza nikiwa mwanafunzi ng'ambo, niligawa kazi yangu ya kompyuta katika vipande 200 na kuanza kuvituma kwenye gridi, yaani mtandao wa kompyuta za vituo vingi vinavyogawana kazi, kutoka chumbani kwangu mtaa wa Tudor. Stima ilikatika vipande vikiwa njiani. Iliporudi alfajiri, betri ya kompyuta ilikuwa imekwisha zamani, na zana niliyoitumia haikuweza kunieleza vipande vipi vimefika na vipi havikufika. Nilivituma vyote upya, kisha nikakaa siku mbili nikichuja matokeo yaliyojirudia kwa hofu ya kuhesabu tukio moja, yaani mgongano mmoja wa chembe, mara mbili, kosa ambalo katika fizikia ya chembe linatosha kuharibu kipimo kizima.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao nimeutetea mbele ya wenzangu mara nyingi: zana ya kutuma kazi kwenye gridi ipimwe kwanza kwa kuuliza ni nani anayebeba dhamana ya kazi baada ya mtumaji kuifunga kompyuta yake.

Gridi yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya wingi wa data. Katika maabara ya CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, mashine ya LHC hugonganisha protoni ndani ya njia ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 27, na data inayotoka humo haiwezi kuchambuliwa katika kituo kimoja. Husambazwa kwenye gridi iitwayo WLCG, wenye vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, na uchambuzi uliowezesha kutangazwa kwa chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012 ulipitia huko. Mwanafizikia hachagui kompyuta itakayomfanyia kazi. Yeye hueleza programu anayotaka iendeshwe, data ya kusomwa na mahali pa kuhifadhi matokeo, na zana ndiyo inayomtafutia nafasi. Kila jaribio kubwa la LHC lina zana zake: ATLAS lina PanDA, CMS lina CRAB, ALICE lilijijengea AliEn, na LHCb lina DIRAC pamoja na Ganga.

Ganga ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nami nasema hivyo nikijua kwamba mapenzi hayo yanapingana kidogo na hoja yangu. Imeandikwa kwa lugha ya Python, na uzuri wake ni kwamba kazi huelezwa mara moja tu. Unaijaribu kwanza kwenye kompyuta yako mwenyewe kwa faili moja ndogo, na ukiridhika unabadilisha mstari mmoja unaotaja mahali pa kuiendesha, kazi ile ile ikaenda kwenye gridi ikiwa imegawanywa vipande vingi. Mwanafunzi halazimiki kujifunza lugha mpya ya maagizo kwa kila kituo. Hata hivyo, daftari la kazi zote hukaa upande wa mtumiaji, na ni Ganga yake mwenyewe inayouliza hali ya kila kipande. Anayefanya kazi kwenye seva ya taasisi isiyozimika hataliona tatizo hilo. Anayetegemea kompyuta ya mkononi katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa ataliona mapema.

Ndiyo maana naona CRAB ilichukua hatua sahihi katika toleo lake la tatu, ilipoihamishia seva sehemu kubwa ya mzigo. Mtumiaji hukabidhi maelezo ya kazi, na seva ndiyo inayozituma kazi zenyewe, kuzifuatilia na kurudia zile zilizoshindwa kwa sababu zinazorekebishika. Watu wa Mombasa hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Mwenye mzigo Kilindini humkabidhi wakala wa forodha hati zake na kurudi dukani kwake. Hakeshi getini akihesabu makontena.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si dhaifu. Seva ya pamoja ikianguka, watumiaji wote husimama kwa pamoja, na mtafiti hupoteza uwezo wa kuingia ndani na kurekebisha mambo kwa mkono wake. Nakubali. Lakini seva ina wahandisi wanaoilinda kila siku, ilhali mwanafunzi aliye peke yake hana mlinzi, na kati ya madhara hayo mawili ninachagua lile ambalo lina mtu wa kulishughulikia.

Kuna wazo jingine katika zana hizi ambalo nalistahi sana, nalo ni kazi rubani. Hapo mwanzo gridi ilisukuma kazi moja kwa moja hadi kwenye foleni za vituo, na kompyuta mbovu ikawa janga, kwa kuwa iliiangusha kila kazi kwa dakika chache, ikaonekana haina shughuli, ikapewa nyingine, hadi ikameza foleni nzima. DIRAC, kisha PanDA iliyoanza mwaka 2005, zikageuza utaratibu. Hutangulizwa kazi ndogo isiyobeba uchambuzi wowote, ikafika kwenye kompyuta ya mbali, ikakagua kama diski inatosha na programu zinazohitajika zipo, na ikiridhika ndipo inapoita kazi halisi kutoka kwenye hifadhi kuu. Jina la rubani linafaa kabisa. Kabla neno hilo halijazoeleka kwa ndege, kwetu pwani lilikuwa la mtu anayepanda melini kule nje na kuiongoza kupita mlango wa Likoni, kwa sababu anayajua maji.

Linaloniudhi zaidi ni vyeti. Ili gridi imtambue mtumiaji, kwa miaka mingi imemlazimu kupata cheti cha kidijitali, kukigeuza kutoka muundo mmoja wa faili hadi mwingine, kisha kukitumia kutengeneza cheti cha muda ambacho kwa kawaida hudumu saa 12. Kikiisha kabla hakijahuishwa, kazi iliyosubiri foleni usiku kucha inaweza kuanguka bila kosa lolote katika fizikia yake. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniuliza, "Mwalimu, kazi zangu zimekufa zote na programu haina kosa, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea. Zana ilimwandikia neno moja tu, kwamba kazi imeshindwa, na sababu halisi ilikuwa imezikwa kwenye mstari wa mia kadhaa wa faili ya kumbukumbu. WLCG sasa inahamia kwenye utaratibu wa tokeni, yaani vibali vya kidijitali vya muda, badala ya vyeti hivyo, nami naufurahia mwelekeo huo, mradi tokeni ikiisha muda zana imwambie mtumiaji kwa maneno yanayoeleweka.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu na maabara zao. Sikubali. Mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilipokutana Geneva kupanga masafa ya utangazaji wa kidijitali, sehemu ya hesabu za kukagua muingiliano wa vituo vya utangazaji ilifanywa kwenye gridi ya Ulaya ya EGEE, kazi zikigawiwa kwa zana ya DIANE, ndugu wa karibu wa Ganga. Mpango huo wa masafa unaihusu Kenya pia. Aidha, nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika ufuoni kwetu mwaka 2009, umbali kati ya Mombasa na vituo vya gridi uliacha kuwa kisingizio. Kilichobaki ni umeme na ubora wa zana.

Kwa hiyo, mwanafunzi akija kwangu leo, namfundisha kwa mpangilio ninaouamini: aanze na Ganga kwenye kompyuta yake kwa faili moja, asome kwa macho yake matokeo ya tukio moja baada ya jingine, kisha ahamie kwenye mfumo ambao seva inashika daftari. Ninampa pia zoezi ambalo wengine huliona la ajabu. Namwambia atume vipande 20, azime kompyuta katikati, aiwashe tena kesho yake, na aniandikie kwenye karatasi kila kipande kiko wapi, bila kutuma hata kimoja upya.