Mizani Haina Rafiki

Watu wanadhani ukiunda roboti ya kupigana adui yako ni roboti ya mwenzako. Wapi! Adui ni mizani. Roboti ya mwenzako mnakutana dakika tatu ulingoni, basi. Mizani unalala nayo, unaamka nayo, na huruma haina.

Yangu inaitwa Kisirani na iko kwenye uzani wa mende. Ndiyo, mende, msicheke, ndivyo uzani wenyewe unavyoitwa. Kwa kanuni za Marekani mende asizidi kilo 1.36, Uingereza wamewaachia mpaka 1.5. Yaani kuna watu duniani wamepewa gramu 140 za bure na bado wanalalamika. Wale wakubwa wa BattleBots, yale mashindano ya roboti ya runinga ya Marekani, wana kilo 113! Ningepewa mimi, ningeweka hata kiti.

Mwanzoni Kisirani alikuwa kabari tu: magurudumu mawili nyuma, bamba la mteremko mbele, kazi yake kumwingia mwenzake chini na kumsukumiza ukutani. Raha mustarehe. Kisha ikaja hii tamaa ya kuboresha. Nikataka ngoma ya chuma yenye meno, izunguke, irushe watu juu. Haya, ngoma inataka mota isiyo na brashi. Mota inataka kidhibiti mwendo chake. Vyote viwili vinanyonya umeme, kwa hiyo vinataka betri kubwa zaidi, betri nayo inataka fremu pana, na fremu pana inataka ukuta mnene, maana ukuta mwembamba ngoma yenyewe itaupasua. Ukiweka vyote mezani, mizani inakuangalia.

Basi ndipo kazi ya kupunguza inapoanza. Unatoboa fremu matundu mpaka inabaki matundu yaliyoshikiliwa na plastiki kidogo. Unakata nyaya ziwe fupi, halafu hazifiki. Skrubu za chuma unabadilisha za titani. Stika yenye jina lake nimeibandua pia, sasa hivi Kisirani anatembea bila kitambulisho.

Na hizo skrubu, jamani! Ngoma ikizunguka kila kitu kinatetemeka, skrubu zinajifungua zenyewe, kwa hiyo unazipaka gundi. Siku unataka kuzifungua, gundi inakumbuka kazi yake. Unaminya bisibisi, kichwa kinalika, kinabaki duara linalong'aa. Ukibahatika ikafunguka, inakuponyoka vidoleni na kutumbukia kwenye mota, pale ndani kabisa, mahali ambapo koleo haiingii.

Wajuaji wakaniambia: ongeza kasi. Ni kweli, kasi ikiwa mara mbili, nishati ya pigo inakuwa mara nne. Kwa nini uongeze chuma wakati kasi haina uzito? Nikafurahi kweli. Hawakusema kwamba ngoma ikienda mbio mno jino halipati nafasi ya kung'ata, linapita linakwaruza rangi tu. Wala hawakusema kwamba kitu kizito kinachozunguka wima hakipendi kugeuzwa. Nikikata kona kwa ghafla, Kisirani ananyanyua guu moja kama mbwa aliyeona nguzo. Mbele za watu!

Betri ni kesi nyingine. Lithiamu hii kila seli haitakiwi kupita volti 4.2, wala kushuka chini ya 3, na ukiiweka kabatini inataka ibaki kwenye 3.8. Ikikasirika inawaka moto, na moto wake hausikilizi mtu. Kwa hiyo ikichaji haiachwi peke yake. Usiku wa manane nimekaa kwenye kigoda, mke wangu anatokea mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Naangalia betri."

"Inafanya nini?"

"Inachaji."

Akarudi kulala bila neno. Afadhali angegomba.

Wageni ndio balaa. Shemeji yangu aliizunguka Kisirani, akainama, akauliza, "Shemeji, hii inafagia?" Haifagii. "Inafua?" Haifui. "Sasa inafanya nini?" Inapiga roboti zingine. "Zimemkosea nini?" Hebu nisaidieni, mtu kama huyo unamjibu vipi?

Siku ya pambano, mizani ya nyumbani inasema sawa, mizani yao inasema gramu mbili zimezidi. Ukumbi mzima watu wazima wamechuchumaa wanapiga tupa vichwa vya skrubu. Mimi nikavua kipande cha sponji kilichokuwa kinaituliza betri. Gramu mbili hizo hapo. Tukapita.

Ulingoni ngoma ikalia vizuri, hata mwamuzi akatabasamu. Mpinzani wangu? Kabari. Kabari tupu, bamba na magurudumu, haina hata kitu kimoja kinachozunguka. Ikaja, ikagonga, betri ikacheza ndani, plagi ikachomoka. Kimya. Mwamuzi akahesabu mpaka kumi kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nikiwa naokota vitu vyangu, mwenye kabari akanifuata, kijana mpole, ameshika roboti yake kwapani haina hata mkwaruzo.

"Kaka, hongera, hiyo ngoma ni hatari. Na mimi nataka kuweka. Ni kazi sana?"

Nikamwambia ni kazi ndogo mno, aanze leoleo.